Kupanda basi kwa Kihispania

Kihispania kina kitenzi kimoja ambacho mwalimu wa Madrid atakufundisha wiki ya kwanza, na mwalimu wa Buenos Aires atakusihi usikitamke mbele za watu. Kitenzi hicho ni coger, na g yake hutamkwa kama kh ya kheri.

Maana yake ya msingi haina ubaya wowote. Kimetokana na colligere ya Kilatini, yaani kukusanya, na kwa Wahispania ni kushika, kuchukua, kudaka, kuchuma. Simu ikilia hutumia coger, mafua yakikupata ni coger, ukipanda basi kwenda kazini ni coger tena. Lakini Mexico, Argentina, Uruguay, Paraguay, Bolivia na Venezuela, kitenzi hichohicho ni tendo la faragha la mume na mke, tena kwa kauli ya mtaani ambayo mtu hawezi kuitoa mbele ya wakwe. Chuo cha Kifalme cha lugha hiyo, kilichoanzishwa 1713, kimeiingiza maana hiyo katika kamusi yake pamoja na orodha ya nchi inakotumika.

Kwa mtu aliyeko La Paz jambo hili halina uzito, kwa kuwa kila jirani yake anajua lipi la kusema. London ni tofauti. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu watu wapatao 215,000 ambao lugha yao kuu ni Kihispania. Utafiti uliotolewa 2016 na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Queen Mary ulikadiria kwamba watu 145,000 wa asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati walikuwa wakiishi London. Kundi kubwa zaidi ni Wabrazili, wenye Kireno chao, na wanaofuata ni Wakolombia. Elephant and Castle, Old Kent Road na Seven Sisters huko Tottenham ni mitaa ambako mtu wa Sevilla, wa Bogotá, wa Quito na wa Santa Cruz husubiri basi kwenye kituo kimoja. Mmoja akisema anakwenda coger basi, mwenzake husikia jambo jingine kabisa.

Mara nyingi wanafunzi huambiwa kwamba neno hili ni safi Ulaya na chafu Amerika. Maelezo hayo ni mepesi mno na yanapotosha. Mkolombia hupanda basi kwa coger bila haya, vivyo hivyo Mwekwado na Mkuba. Bahari siyo iliyoweka mpaka wa aibu; mpaka huo umepita katikati ya bara lenyewe, nchi kwa nchi.

Wanaisimu wanajua jinsi maneno yanavyofika hapo. Watu hukwepa kulitaja tendo kwa jina lake, wakaazima kitenzi cha kawaida kama tafsida. Tafsida ikitumika sana, stara yake huchakaa, na kile kilichokusudiwa kufunika kinakuwa ndicho kinachofunua. Sisi tumepita njia hiyohiyo. Msala ni mkeka wa kuswalia, lakini anayeomba kwenda msalani anakwenda kujisaidia, na wapo wanaoona hata hilo limeshakuwa wazi mno, wakapendelea maliwatoni. Hata kitenzi chetu cha basi, kupanda, kina matumizi yake zizini: wafugaji husema dume limempanda jike. Bahati yetu ni kwamba maana hiyo imebaki kwa mifugo, kwa hiyo abiria wa daladala hana wasiwasi.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba aibu ya coger haikuwaambukiza ndugu zake. Mmeksiko husema recoger anapokwenda kumchukua mtoto shuleni, na escoger anapochagua, wala hakuna anayeshtuka. Misimu imelipiga neno tupu tu, ikayaacha yenye kiambishi. Pengo lililoachwa na coger lilijazwa na agarrar na tomar. Nayo tomar ina mizunguko yake: katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati, ukisema fulani anatumia tomar bila kutaja kitu gani, umesema anakunywa pombe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana kwetu pia mtu akiambiwa “yule anakunywa,” hakuna anayefikiria maji.

Nayaandika haya nikikifikiria Kiswahili. BBC ilipoanza kutangaza kwa lugha yetu kutoka London mwaka 1957, sauti moja ilianza kusikika Zanzibar, Mombasa na Tabora kwa wakati mmoja, na leo wasemaji wetu wamezagaa kuliko wakati wowote. Chukua mfano wa neno chai. Nairobi, askari akikuomba chai anataka rushwa. Dar es Salaam, kijana wa mitandaoni akisema “hiyo chai,” anakwambia hadithi yako ni ya kutunga. Wote wawili wana haki na lugha yao, na hakuna aliyekosea. Anayesema kwamba maana moja ndiyo Kiswahili na nyingine ni uhuni, anafanya kosa lilelile la kudhani Madrid ndiyo yenye coger.

Kwa hiyo nawaomba watunga kamusi wetu: misimu isitupwe nje, iandikwe, na kando yake pawe na jina la mahali inakosemwa. Nawe unayejifunza Kihispania London, sema tomar el autobús. Itaeleweka kwa Mhispania na kwa Muajentina, wala haitamwaibisha mtu. Ukimsikia mwingine akitumia coger kituoni, kabla ya kucheka muulize ametoka nchi gani.