Ndigana kali: chuma cha moto au sindano?

Anayepita njia panda ya Msata, pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera, hakosi kuona ng'ombe. Katika mazizi ya wafugaji wetu wapo wenye kovu la kuungua chini ya sikio. Kovu hilo ni la tiba.

Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia, yule apendaye masikio. Mate yake hupitisha kijidudu kiitwacho Theileria parva. Tezi huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ndama asiyetibiwa mara nyingi hufa. Wazee waliiona tezi, wakaichoma kwa chuma cha moto. Tusiwacheke, mahali dalili inapoanzia walipaona sawasawa. Lakini kijidudu kimo ndani ya chembe nyeupe za damu, nazo huzunguka mwili mzima. Chuma huacha kidonda, na siku za kumwokoa ndama zinapita.

Wako pia waliosikia habari za sindano za Wachina, ambazo huchomwa bila dawa. Ulaya na Marekani hutumiwa kwa farasi na mbwa wenye maumivu. Mwaka 2006 watafiti waliopitia majaribio yake kwa wanyama hawakupata ushahidi wa kutosha kuikubali tiba hiyo wala kuikataa. Kwa maumivu, basi, wataalamu waendelee kubishana. Kwa ndigana kali, sindano tupu haiui kijidudu.

Inayofaa ni sindano ya buparvakwoni, tena mapema, homa inapoanza. Mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Bora zaidi ni chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, miaka ya 1970: ndama hupewa vijidudu hai pamoja na oksitetrasaiklini, akapata kinga ya muda mrefu. Bei yake si ndogo, na ikishayeyushwa haingoji kesho, kwa hiyo majirani waikusanyie ndama wao pamoja. Josho lisiachwe.

Ndigana kali haimpati binadamu, ila dawa iliyobaki katika maziwa inatuhusu. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Wala tusidunge ng'ombe kumi kwa sindano moja. Damu iliyobaki humo huweza kuhamisha ndigana baridi.