Kusi, Masika na Kinyume: Majina ya Hali ya Hewa kwa Msemaji wa Kimatengo

Mtoto wa Matiri, katika wilaya ya Mbinga, ajifunzapo Kiswahili hapati taabu kubwa ya ngeli wala ya viambishi, kwa kuwa Kimatengo nacho ni lugha ya Kibantu. Irabu saba za kwao hana budi kuzipunguza ziwe tano. Taabu iliyo kubwa zaidi hukaa mahali pasipotazamiwa, yaani katika mvua na upepo. Majina haya yalikuzwa na mabaharia na wakulima wa pwani kwa mbingu iliyo juu yao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, majina hayo yalikwenda bara pamoja na kalenda ya Unguja.

Neno lenye hatari kubwa ni masika. Pwani ya kaskazini mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka: vuli, tangu Oktoba hadi Desemba, na masika, tangu Machi hadi Mei. Mbinga mvua ni moja tu. Huanza Novemba au Desemba, hukoma mnamo Aprili. Basi vuli ni neno lisilo na kitu cha kutajwa, na masika, ambalo huko kusini hutumika kwa mvua yote ile moja, laonyesha wakati mwingine kabisa. Mwezi wa Machi, kitabu cha pwani kisemapo kwamba masika yaanza, Mmatengo afyeka majani, ayalaza kwa mistari ikatanayo juu ya mteremko, ayafunika udongo akitengeneza mashimo ya ngoro, kisha apanda maharage yatakayokua kwa unyevu wa mwisho wa mvua. Atakayeisikia habari ya masika katika redio bila kujua yahusu mikoa gani aweza kungoja mvua ambayo kwake imekwisha kupita.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeuona ugumu huo, nayo huzigawanya mvua sehemu tatu: vuli, masika na msimu. Ruvuma imo katika mikoa ya msimu, yaani mvua moja ya Novemba hadi Aprili. Uchaguzi huo ni wa busara, ijapokuwa hauna ukamilifu. Msimu ni neno la Kiarabu, ndugu wa neno ambalo Wareno walilichukua kwa pepo za Bahari ya Hindi na Waingereza wakalipata kwao; lakini katika Kiswahili cha kila siku ni majira ya kitu chochote. Mkulima wa Mbinga asemapo msimu wa kahawa, ataja mavuno, na mavuno hayo ni ya kiangazi. Kiangazi nacho kina mashaka yake: kwa mtu wa pwani ni joto kali la kabla ya masika, kwa Mmatengo ni ukavu wa katikati ya mwaka, wenye asubuhi za baridi ambazo mtu wa pwani angaliziita kipupwe.

Kwa upande wa pepo mambo ni tofauti. Mwanafunzi hujifunza kaskazini na kusini darasani, kama maneno ya ramani, bila kuambiwa kwamba ndani yake mna kaskazi na kusi, pepo mbili zilizoyapeleka na kuyarudisha majahazi. Hata hivyo ateremkaye kutoka milimani hadi Mbamba Bay au Liuli hukuta jambo lile lile. Katika Ziwa Nyasa hutawala mwera, upepo wa kusini-mashariki uvumao kwa nguvu kati ya Mei na Agosti na kuinua mawimbi yaogopwayo na wenye mitumbwi. Na katika Kinyanja kumwera ni kusini. Watu wa maji mawili yaliyo mbalimbali waliupima ulimwengu kwa upepo. Mwalimu angaliweza kuanzia hapo, naye angalipata wanafunzi waelewao mara moja.

Lakini kuyajua majina si kumaliza kuisikia lugha, kwa maana watu wa pwani walikuwa na njia ya kuyaficha. Edward Steere, katika kitabu cha hadithi za Unguja kilichotolewa mwaka 1870, alieleza mchezo uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele. Kwa kanuni hiyo upepo huwa poupe, na baridi huwa dibari. Haya mgeni atayakisia baada ya muda. Yampotezayo ni yale yatokayo na sura ya maneno halisi: kusi yawa siku, radi yawa dira, na katika mvua ya mawe, mawe yenyewe yawa wema. Mkazo nao hausaidii, kwani hukaa silabi ya pili kutoka mwisho katika neno jipya kama katika la zamani.

Watu wa mashariki ya London, ambao misimu yao John Camden Hotten aliiweka katika kamusi mwaka 1859, huficha kwa vina: ngazi huitwa matufaha na mapea, kwa kuwa neno lao la mapea lina kina kimoja na la ngazi, kisha mapea huachwa likabaki tunda lisilo na kina chochote. Huko mgeni hahitaji sarufi, ahitaji kuwa amezaliwa mtaani. Kinyume chahitaji silabi tu, na msemaji wa Kibantu anazo tayari. Palipo na shida ni kwenye neno kama nchi, ambalo herufi yake ya kwanza ni silabi nzima yenye mkazo: ikigeuzwa, neno laishia kwa konsonanti, jambo ambalo maneno asilia ya Kiswahili hayalikubali. Mwanafunzi wa Matiri akiulizwa aligeuze neno hilo, jibu lake litaonyesha jinsi sikio lake lilivyoigawanya lugha ya pwani kuliko mtihani wowote wa imla.