Maumivu ya Kichwa na Chakula

Si kila kichwa kiumacho hutaka dawa moja. Ashindaye juani shambani bila maji huumwa. Na anywe maji. Aliyezoea chai nyingi akaiacha ghafula huumwa pia. Afadhali aipunguze kidogo kidogo. Kipandauso, kigongacho upande mmoja na kuleta kichefuchefu, ni jambo jingine. Mwaka 1998 madaktari wa Ubelgiji walionyesha ya kuwa vitamini B2, miligramu 400 kila siku kwa miezi mitatu, ilipunguza siku za maumivu kwa wengi. Maziwa, mayai na maini yanayo, lakini miligramu chache tu. Kiasi kile ni cha vidonge, kwa shauri la daktari. Kichwa chenye homa na shingo kukakamaa hakingojei chakula: mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.