Mbu naye hukumbuka: mpige, hata ukimkosa

Ukiketi barazani asubuhi kule Ukunda au Msambweni, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayekuzunguka vifundoni si yule wa malaria. Huyo ni Aedes aegypti, aumaye mchana, naye ndiye aletaye homa ya dengi na chikungunya. Jina hili la pili latokana na Kimakonde, kwa vile mgonjwa hujikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952.

Wagonjwa huniuliza: "Daktari, kumpiga mbu kuna faida gani, nami humkosa kila mara?" Faida ipo, na siri yake imo katika ubongo wa mbu, ulio mdogo kuliko mbegu ya ufuta.

Seli za ubongo huo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, ile ile tuliyo nayo wewe na mimi. Seli inayopokea habari ina vipokezi, yaani protini zilizopenya utando wake, upande mmoja ukiwa nje na mwingine ndani. Dopamini ikinasa upande wa nje, protini hiyo hubadili umbo na kuamsha nyingine zilizo ndani. Kuna vipokezi vinavyoongeza kemikali ya kupeleka amri ndani ya seli, na kuna vinavyoipunguza. Hivyo dopamini hiyo hiyo yaweza kuchochea seli moja na kumtuliza jirani yake. (Nasi pia tunavyo. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, huziba vipokezi vya dopamini, ndiyo maana baadhi ya watoto wanaopewa hupinda shingo. Usimnunulie mtoto dukani.)

Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani, akiwemo Jeffrey Riffell wa Chuo Kikuu cha Washington, waliwanusisha Aedes harufu ya mtu huku wakiwatikisa, kama anavyotikisika mbu aliyekoswa na kofi. Siku ya pili mbu hao waliikwepa harufu hiyo. Lakini wale walioharibiwa kipokezi kimoja cha dopamini hawakujifunza lolote.

Basi mpige. Ila fahamu kwamba mbu anayekukwepa wewe aweza kumwendea mtoto mchanga aliyelala mchana, asiyejua kujipigia. Mfunike kwa chandarua, hata saa nne asubuhi. Tunaohifadhi maji kwa mapipa tuyafunike, na kila wiki tuyasugue kuta za ndani, kwani mayai hung'ang'ania hapo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Vifuu vya nazi na tairi kuukuu uani viondolewe.

Homa ikikushika, nenda ukapimwe malaria. Usimeze asprini wala ibuprofeni kabla daktari hajahakikisha kwamba si dengi, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu. Kwa maumivu, tumia parasetamoli na unywe maji kwa wingi.