Mbwa Mchungaji Atafutiwe Kazi

Wapiganaji wenzetu, mbwa kijana wa ukoo wa kuchunga kondoo, asiyepata mafunzo, hujitafutia kazi mwenyewe: hufukuza baiskeli na kuwazunguka watoto kana kwamba ni kundi lake. Kabla ya kumhukumu kuwa ni mkorofi, na tumwulize bwana wake: umempa kazi gani?

Mwaka 1899, nchini Ujerumani, Kapteni Max von Stephanitz wa kikosi cha wapanda farasi alianzisha chama cha mbwa wa aina hiyo. Machunga ya kondoo yalipopungua, aliwatafutia kazi polisini na jeshini. Katika Vita Kuu ya 1914-1918 mbwa hao walipeleka habari na kutafuta majeruhi. Na mwaka 1916, mjini Oldenburg, ilifunguliwa shule ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani.

Basi kazi na ifuate tabia. Kwanza afunzwe utii: kuketi, kutulia, kuja aitwapo. Mwenye pua kali afuate nyayo. Aliye jasiri ashike lindo. Anayeshtushwa na mlio wa bunduki asilazimishwe, kwani machungani huenda akawa hodari. Mbwa, kama kuruta, hufaa akipangiwa mahali pake.