Sukari ya Nyumbani Imfikie Muuguzi

Leo tunazungumza juu ya kumpima mgonjwa wa kisukari nyumbani na kumpelekea muuguzi matokeo kwa simu, bila kungoja siku ya kliniki.

Nianze na kosa letu sisi wahudumu. Kulikuwa na nyanya mmoja aliyedungwa insulini asubuhi na jioni na mke wa mwanawe. Kila akija kliniki tulimpima tukapata mara 13, mara 14, nasi tukamwongezea dawa. Hatukumuuliza siku hiyo huipitisha vipi. Kumbe alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, anaruka sindano kwa kuogopa kuishiwa nguvu kwenye foleni, kisha anakunywa chai yenye sukari stejini. Nyumbani usiku alikuwa akitetemeka na kulowa jasho, jamaa wakidhani ni malaria. Binti huyo alipopata mashine ya kupimia, alimpima saa tisa usiku, akampa maji ya sukari, kisha akanitumia ujumbe: 3.1. Juma hilo hilo daktari alipunguza insulini ya jioni.

Mashine hiyo huitwa glukomita. Kabla ya kupima, mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na maji, aikaushe. Aliyetoka kumenya embe asiponawa, mashine itasoma sukari ya embe. Mdunge pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana katikati huuma zaidi. Angalia tarehe ya stripi, na kopo lake lifungwe vizuri. Ikiwa mashine imeletwa na jamaa aliye Marekani, uwe macho: huko hutumia hesabu nyingine, na 180 yao ni 10 yetu. Nimemwona mama amefika hospitali usiku, mbio mbio, kwa sababu ya 110, ambayo ni kama 6 tu!

Najua stripi ni ghali. Kwa hivyo patana na muuguzi wako ni siku zipi utapima, na ubadilishe nyakati: leo kabla ya chai, kesho kutwa kabla ya kulala, siku nyingine muda wa saa mbili baada ya kula. Anayedungwa insulini huhitaji kupimwa mara nyingi kuliko anayemeza tembe. Siku hizi kuna kifaa kidogo kinachobandikwa mkononi na kupeleka nambari kwenye simu mchana na usiku. Ni kizuri, lakini kwa wengi wetu bei yake ingali juu. Daftari la shule na simu ya kawaida vitakufaa.

Nambari peke yake hainisaidii sana. Niandikie hivi: “Nyanya, Jumanne saa moja asubuhi, kabla ya chai, 6.4. Jana jioni insulini yuniti 10. Alikula ugali nusu.” Hapo nitaweza kumweleza daktari. Wewe usiongeze wala kupunguza insulini kwa kukisia.

Sasa sikiliza sana, mama. Ikishuka chini ya 4, usiandike ujumbe kwanza. Mpe vijiko vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa ingali chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Na ikipita 15 mara mbili mfululizo, nipigie simu siku hiyo hiyo. Lakini kama anatapika, anahema kwa nguvu au anasinzia ovyo, usingoje jibu langu. Huenda niko wodini na simu imo mkobani. Tafuta gari mwende.

Juma lijalo, saa kama hii, tutaongea juu ya vidonda vya miguu. Kwaheri.