Mahakamani usiseme "ndiyo" kabla ya kuelewa

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu: mama amekamatwa na jerikeni ya chang'aa. Posho haitoshi, mtoto anataka sabuni na daftari, basi mtu anawasha moto anapika. Hatumsifu wala hatumtukani. Tunataka familia ijue yanayofuata, maana sisi tuko Kenya na sheria ni za Kenya.

Zamani chang'aa ilikatazwa kabisa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilifuta katazo hilo, lakini anayepika au kuuza pombe lazima awe na leseni. Bila leseni, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Aliyelewa na kufanya fujo barabarani, yake ni faini isiyozidi shilingi 500 au jela isiyozidi miezi 3, au vyote. Hicho ni kipimo cha juu. Hakimu anaweza kushuka.

Katiba inasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha siku ya mapumziko, ni siku ya mahakama inayofuata. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miezi 6, kama hilo la ulevi, mtu hawekwi rumande. Kwa lile la kupika, aombe dhamana.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza. Shitaka linasomwa haraka haraka. Mama anayejua Kirundi au Kibembe anaogopa, anawaza watoto, anasema "ndiyo" ili mambo yaishe. Kumbe amekiri kosa! Hakuna shahidi atakayeitwa tena. Imebaki adhabu tu.

Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu. Shitaka lisomwe kwa lugha ambayo mshitakiwa anaielewa. Akikiri, asomewe mambo yalivyotokea na apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, hakimu aandike kwamba amekana. Mkalimani naye halipwi na mshitakiwa. Kwa hiyo semeni bila aibu: "Mheshimiwa, sielewi, naomba mkalimani."

Na aliyekiri kweli bado ana la kusema: ni kosa la kwanza, ana mtoto anayenyonya, ana mgonjwa nyumbani. Hakimu anaweza kumwachilia kwa sharti asirudie, kumtoza faini ndogo, au kumpa kazi za jamii bila malipo, chini ya sheria ya mwaka 1998. Kabla ya kazi hizo, afisa huchunguza kwanza hali ya mtu. Akija kwenu, baba, bibi na majirani, mwambieni ukweli. Na faini ikilipwa, shikeni risiti.

Siku ya kesi, ndugu mmoja aende akae mahakamani. Anayeona uso wa nyumbani haogopi sana, na asiyeogopa huuliza.